Kapu la Sala na Gari ya Kinindo

Concilie: Aloo? Aloo! Nani amepokea?

Valéry: Aloo, ni Valéry. Samahani, hii namba siijui, ni nani mwen—

Concilie: Haunijui? Mi njo Présidente wa groupe yako ya sala, we mutoto! Ni Concilie!

Valéry: Ooh, Mama Présidente! Samahani sana. Amahoro, Mama? Kuko amani?

Concilie: Amahoro tunayatafuta. Niko ku kasimu kadogo. Ile kubwa nimeiacha wazi, nangojea wageni wapige. Na we uko wapi na kelele iyo?

Valéry: Ni vyura, Mama. Niko nyumbani, Buterere. Mvua ilinyesha, wanasherehekea.

Concilie: Basi toka ku vyura, nikusikie.

Valéry: Huku kila upande ni vyura, Mama. Nimekaa tu, nakosoa interro za biologie za wanafunzi wangu.

Concilie: Dimanche, siku ya kupumzika?

Valéry: Leo inanifaa. Sitaki akili ipate nafasi.

Concilie: Nafasi ya nini?

Valéry: Ya... ya kutembea ovyo. Wageni hawajafika?

Concilie: Njo maana nakupigia. Walisema saa tisa, sasa saa kumi imepita. Wajomba wote wako mu salon na makoti, na joto hii ya Mutanga. Baba Mukubwa Aloys njo atasema kwa niaba ya familia, amevaa kofia tangu asubuhi, anarudilia hotuba yake kimya kimya, midomo tu inatembea. Brochette za nyama ziko ku moto. Joëlla amesukwa, ameshonewa, amekaa. Na gari ya watu wa Kinindo haionekani.

Valéry: Pole, Mama.

Concilie: Iyo pole yako ni fupi sana.

Valéry: Pole sana, Mama.

Concilie: Mutoto wangu wa kwanza, Valéry! Wanakuja kufata irembo, kubisha mulango wetu rasmi kumuposa Joëlla, na mulango uko wazi tangu saa tisa, kuku wa jirani njo wanaingia. Bon. Sikia. We njo ulituletea ile kitu ya ku internet. Kapu la Sala.

Valéry: Ndiyo. Mutu anaandika nia yake, jina haionekani, wengine wanamuwashia mushumaa na wanamuombea—

Concilie: Najua, mi njo nilitangaza! Nilisimama mbele ya watu nikasema: ndugu, musiogope, Valéry ametuletea masomo ya kila siku, ametuletea rozari ya kusikiliza, ametuletea retraite ku simu, ile mafungo tuliifanyia pamoja kwangu, sasa ametuletea na kapu. Nikawambia wamama wa miaka yangu wanunue mega za internet, waache kununua vitumbua. Nilikusifu, Valéry!

Valéry: Na mi nilishukuru, Mama.

Concilie: Haya. Leo, mu kungojea huku, nikasema acha nifungue kapu, niombee wageni wafike salama. Nikakuta nia moja juu kabisa, mishumaa sitini na kitu. Nikasema, uyu maskini ana shida kubwa, acha nisome vizuri. Unanisikia?

Valéry: (simu inakwaruza) ...mtandao... Mama, naona mtandao...

Concilie: Mtandao uko sawa, ni we unakwaruza na mudomo. Sikia ninavyosoma: "Ee Bwana, ninakuletea moyo wangu uliochoka."

Valéry: Ni mwanzo muzuri.

Concilie: Muzuri sana! Mi nililia hapo. Sasa endelea: "Jumapili wageni watatoka Kinindo kuja kwa ajili ya dada mmoja wa groupe yetu. Nakuomba: (a) gari lao likwame, mfano: pneu itoboke, batterie izime au esansi iishe."

Valéry: Eeh.

Concilie: "Mfano", Valéry! Anamupa Mungu mifano!

Valéry: Labda alitaka Mungu asipoteze wakati kutafuta.

Concilie: "(b) Mtu yeyote asiumie, na gari lisiharibike sana, maana nasikia ni la kuazima."

Valéry: Hapo alionyesha huruma.

Concilie: Huruma gani? Na nani alimwambia ni la kuazima? Ni la kuazima?

Valéry: Mi sijui kitu, Mama.

Concilie: "(c) Yule dada asijue kwamba ni mimi, mwenye velo tu, niliyekula chapati zake siku ya retraite nikashindwa hata kusema merci." Mana weee! Uyu mutu alikaa mu nyumba yangu, akakula chapati ya mutoto wangu, akaenda ku internet kufunga gari ya wageni wangu!

Valéry: Hakufunga, Mama. Aliomba.

Concilie: Na watu sitini wakamuwashia mishumaa!

Valéry: Mama, mi nilishasema mara nyingi, watu hawasomi. Wanaona "Ee Bwana", wanabonyeza. Unakumbuka ile siku nilikosea, nikatuma ku groupe somo la wanafunzi, la minyoo ya tumbo? Watu arobaini waliandika Amina.

Concilie: Ile ilikuwa minyoo?

Valéry: Na picha zake, Mama.

Concilie: Mi nilifikiri ni mateso ya jehanamu. Niliandika Amina na mikono miwili ya kusifu.

Valéry: Niliiona.

Concilie: Basi nikuambie na ingine, lakini ibaki kati yetu. Ku hii nia ya gari, ata mi niliwasha.

Valéry: Mama pia?

Concilie: Niliona "moyo uliochoka", nikawasha! Na siku ya Mercredi nikafunga. Nilifunga, Valéry! Sikukula ata ndizi, nikashinda na maji, namuombea uyu mutu. Nimekaa na njaa siku muzima ili wageni wangu mwenyewe wakwame!

Valéry: (anakohoa)

Concilie: Unacheka?

Valéry: Apana Mama, chura ameingia mu nyumba.

Concilie: Toa chura, halafu uniambie: uyu mutu ni nani?

Valéry: Kapu haionyeshi jina. Nilitengeneza hivyo ili watu wawe huru. Ata we Mama uliandika mule nia ya yule jirani wako mwenye redio—

Concilie: Nani amekwambia ile ni yangu?

Valéry: Hakuna. Kapu haionyeshi jina.

Concilie: Bon. Acha tutafute na akili. Ana velo. Alikuwa ku retraite. Alikula chapati. Mu groupe wenye velo ni nani? Bonfils!

Valéry: Bonfils wa guitare?

Concilie: Si ana velo?

Valéry: Anayo iyo baiskeli... lakini haina kiti.

Concilie: Na ana uso wa mutu anayeficha kitu. Akipiga guitare anafunga macho. Kwa nini anafunga macho? Kesho namutoa ku guitare, akae nyuma na wenye kuchelewa.

Valéry: Mama, Mama, tusihukumu! Bonfils ni mutu wa pole. Alisema merci. Mi nilimusikia, alisema merci mara mbili, na akaomba ingine.

Concilie: We unakumbuka nani alisema merci na nani hakusema?

Valéry: Ni kazi ya mwalimu, Mama. Kukumbuka.

Concilie: Hmm. Basi kwanza futa ile sala. Sasa hivi.

Valéry: Kufuta, Mama... sala imeshaenda. Mi nafuta maandishi tu. Ni kama barua, ukichana bahasha—

Concilie: Basi weka ingine juu yake! Andika: "Ee Bwana, gari ya Kinindo ifike mbio." Andika na iyo mifano yenu: pneu mupya, batterie mupya, esansi mpaka inamwagika.

Valéry: Lakini Mama, ya kwanza iko na mishumaa sitini na kitu, na mutu mwenye kufunga. Hii itaanza na mushumaa moja. Sala mbili zikikutana njiani—

Concilie: Zipishane! Kwa Mungu hakuna embouteillage ya magari! Andika, Valéry.

Valéry: Niko naandika.

Concilie: Sisikii ukiandika.

Valéry: Simu haitoi sauti, Mama.

Concilie: Soma.

Valéry: "Ee Bwana... gari ya Kinindo..."

Concilie: Eheh?

Valéry: "...we njo unaijua."

Concilie: Ni hayo tu? Iyo njo sala ya mutu aliyenituma mi saa kumi na moja asubuhi kusikiliza mafundisho ya dakika arobaini juu ya kuomba bila kuchoka? Leo we njo umechoka ku mustari wa kwanza?

Valéry: Mama, kusema ukweli, esansi mu mji hakuna. Watu wanalala ku pompe wakingojea mafuta. Kuombea gari ikose esansi mu Bujumbura, iyo si sala, ni habari ya saa mbili.

Concilie: Usinifundishe— ngoja! Ngoja, ile simu kubwa inalia. Ni wao! Ni wao, Valéry! Usikate, nakuweka hapa ku meza. Joëlla, pepea iyo moto! Aloo? Ndiyo, Mama mwenzangu, karibuni, muko wapi? ... Eeh. ... Eeh? ... Tangu jana? ... Ku mustari? ... Na mbele yenu kuko ngapi? ... Yoooh. ... Nini? ... Rudilia. ... Ku nini? ... Bon, nakata, nimuulize fundi, nitawapigia. Ngojeni! ... Valéry?

Valéry: Niko hapa, Mama.

Concilie: Umesikia?

Valéry: Nilisikia upande moja.

Concilie: Hawana esansi. Gari iko ku mustari ya pompe tangu jana jioni, na dereva alilala ndani. Wao wako nyumbani Kinindo, wamevaa, hawana namna ya kutoka. Point (a), Valéry! Mufano wa tatu!

Valéry: Na... hakuna aliyeumia?

Concilie: Point (b)! Hakuna! Dereva tu shingo inamuuma!

Valéry: Pole yake. Na mutu hawezi kuwapa velo?

Concilie: Watu wa Kinindo ku velo? Na ile viatu? Baba Mukubwa Aloys amesema wakuje na miguu, eti yeye alitembea toka Ngozi kumufata bibi yake. Sasa sikia walichosema. Nilifikiri nimesikia vibaya. Wanaomba linki.

Valéry: Linki ya nini?

Concilie: Ya kufata irembo! Ku simu! Wanasema: "Mama Concilie, si muko na groupe munasali ku internet, munafanya retraite ku internet? Basi na irembo tufanyie ku internet. Sisi tukae huku, nyinyi mukae huko, wazee wasemezane ku video, mambo yaishe." Na nimewambia niko na fundi. Valéry, tengeneza linki. ... Valéry?

Valéry: (vyura tu wanasikika)

Concilie: We na mtandao wako! Aloo!

Valéry: Niko hapa.

Concilie: Tengeneza linki, mwanangu. Kama ile ya retraite. Unatuma, tunabonyeza, nasimamisha simu ku kopo ya sukari, Baba Mukubwa anasema hotuba yake. Dakika tano.

Valéry: Mama, mambo ya irembo ni ya kukutana. Mutu anakunywa na mutu. Ku video watakunywa nini?

Concilie: Kila mutu anakunywa kwake.

Valéry: Na kama mtandao unakatika pale Baba Mukubwa anasema "mutoto wetu"? Wanabaki na "mutoto" tu. Mutoto wa nani?

Concilie: Valéry, kwa rozari mtandao haukatiki. Kwa minyoo haukukatika. Tuma linki.

Valéry: Siwezi, Mama.

Concilie: Hauna mega? Nakutumia mega.

Valéry: Mega niko nazo.

Concilie: Batterie?

Valéry: Imejaa.

Concilie: Basi kwa nini hauwezi?

Valéry: (simu inakwaruza) Kwa sababu... (a)... apana, ngoja nianze vizuri. Kuko sababu tatu, Mama. (a)—

Concilie: Umesema nini?

Valéry: Nimesema kuko sababu tatu.

Concilie: Umesema "(a)".

Valéry: Ni... ni namna ya kupanga maneno...

Concilie: Valéry.

Valéry: Mama.

Concilie: We unakuja hapa kwangu na nini?

Valéry: Na velo.

Concilie: Ile siku ya retraite ulikula chapati ngapi?

Valéry: Nne. Mama, usimutoe Bonfils ku guitare. Bonfils hana kosa. Ni mi. Ni mi niliandika. Nilijua ni vibaya, njo maana niliweka (b). Nilikuwa namaanisha pneu moja tu, itoboke pole pole, wachelewe, basi. Sikujua watu sitini watawasha. Sikujua na we utafunga. Nilipoona mishumaa inaongezeka nilitaka kufuta, halafu nikasema acha kidogo, halafu ikaongezeka, halafu nikaanza kupenda. Unisamehe. Mi ninamupenda Joëlla, Mama. Ninamupenda sana, na ninamuogopa. Kila asubuhi natafuta somo ku internet, nasoma mangapi ndipo nachagua moja, na mu roho sichagulii watu sitini. Nachagulia mutu moja. Ile linki ya wale watu siwezi kutengeneza. Toa mi ku groupe, mi sitauliza kitu, lakini iyo linki siwezi.

Concilie: Mana weee. Mana weee! Mwalimu muzima! Mutu wa retraite! Nimekaa na njaa Mercredi, kumbe nafungia VALÉRY!

Valéry: Usiseme kwa nguvu, Mama, wajomba—

Concilie: Wajomba wako mu salon, mi niko jikoni, ni mi na Joëlla tu hapa!

Valéry: Joëlla yuko hapo?

Concilie: Si njo anapepea moto! ... Joëlla, umesikia? Ni Valéry! Ile sala ya gari ku Kapu ni Valéry! ... Unacheka nini? ... Mi nauliza unacheka nini, brochette inaungua! ... Eeh? ... Ulijua? ... Alijua! Valéry, uyu mutoto anasema alijua toka siku ya kwanza. Eti watu wote waliokula chapati walisema merci, moja tu alikuwa anazitazama kama anasoma. ... Na kwa nini haukusema? ... Nini? ... Na we uliwasha mushumaa?

Valéry: Mama, anasema nini? Mama?

Concilie: Ngoja nimusikie! ... Joëlla, uliwasha bila kusoma, kama sisi? ... Ulisoma mpaka mwisho? ... Mpaka (c)? ... (d) gani? Hakuna (d). Valéry, kuko (d)?

Valéry: Iko, Mama. Haukuisoma?

Concilie: Kioo cha simu yangu kimepasuka huku chini, kuko kapande keusi. Nilifikiri sala imeishia pale. Iko na (d)? Ulimuombea na nini tena, nyumba yetu iungue?

Valéry: Apana, Mama. Ni kidogo tu. Acha.

Concilie: Soma.

Valéry: Siwezi kusoma, yuko hapo.

Concilie: Basi atasoma mwenyewe, ameshafungua simu yake. Soma, Joëlla, kwa nguvu kidogo. ... "(d) Na kama mapenzi yako si haya..." eeh ... "basi siku ya harusi yake nipe nguvu, niende na mimi nibebe viti kama wengine, nisibaki nyumbani nikilia." (anapenga kamasi)

Valéry: Mama? Mama, uko hapo?

Concilie: Niko. Ni moshi.

Valéry: Mi ninaomba msamaha tena.

Concilie: Nyamaza kwanza. Mi niko na brochette za watu ishirini, wazee wametoka mbali, na huko Kinindo kuko mutu anangojea linki. Nyamaza nifikiri. ... Joëlla, we unataka ile linki? Sema na mudomo, usitingishe kichwa, mi siko ku video. ... Umesikia, Valéry?

Valéry: Sijasikia.

Concilie: Amesema apana. ... Vyura wamekumeza?

Valéry: Apana, Mama. Niko... niko tu.

Concilie: Bon. Wale wa Kinindo nitawambia fundi amekataa. Si uongo. Na gari ikipata esansi siku moja, wakuje kunywa Fanta kama majirani. Sasa sikia vizuri, unité za simu ziko mbioni kuisha. Sikualiki ku kitu. Unanisikia? Mi siwezi kumubadilisha mutu na mwingine siku moja kama niko sokoni. Wajomba watasema nini?

Valéry: Naelewa, Mama.

Concilie: Lakini nilikodi viti. Viti mingi, na mwenyewe anavitaka jioni hii. Wajomba wangu wanaumwa migongo. Si ulikuwa unaomba nguvu?

Valéry: Naweza kuja sasa hivi?

Concilie: Mutu wa kubeba viti hakuji peke yake. Kuja na mutu mukubwa, anayejua kusema.

Valéry: Baba yangu yuko Rutana, Mama. Hapa karibu niko na Mzee Massoudi tu, mwenye nyumba yangu. Ni Muislamu.

Concilie: Anajua kusema?

Valéry: Mama, akija kudai kodi, tunamushukuru.

Concilie: Kuja naye. Ku kubeba viti hakuna dini. Aje na kofia, Baba Mukubwa Aloys asijione peke yake. Na akikaa karibu na Aloys, na wakianza kusemezana mambo ya familia za watu, mi sitakuwepo. Mi nitakuwa jikoni.

Valéry: Sawa, Mama. Atakaa nyuma ku velo, ni mwembamba. Ile sala nifute?

Concilie: Usiguse kitu! Wacha mishumaa iwake. Na usikuje na iyo uso ya kukosoa interro. Oga. Toa matope ku viatu. Na Bonfils, mi nitamuomba msamaha ata kama hajui kosa la— ngoja, Joëlla ananyang'anya simu. Joëlla! Unité ziko tatu tu!

Joëlla: Valéry?

Valéry: Jo... Joëlla. Merci. Merci kwa chapati.

Joëlla: Imekawia, lakini imefika. Sikia, nikuambie kitu moja mbele unité ziishe.

Valéry: Sema.

Joëlla: Mungu ulimuandikia point nne, na mifano.

Valéry: Ndiyo.

Joëlla: Mi pia niko na simu, Valéry. Siku nyingine—

(tuu, tuu, tuu)

Valéry: Aloo? Joëlla? ... Mzee Massoudi! Mzee Massoudi, vaa kofia!